Sifuri kutoka kwa Mtani

Kwa miaka kumi na tisa Stambuli alilipwa kubisha hodi kwa watu ambao hawakutaka kumwona. Alikuwa mkaguzi wa kampuni ya televisheni ya waya mjini Morogoro. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kila nyumba yenye waya ina kibali, na kwamba hakuna waya uliochepushwa dirishani kwenda kwa jirani. Watu wa Mafiga walipoiona ngazi yake ikipita juu ya ua, walizima televisheni kwanza ndipo wakaitikia.

Hakuwa msemaji. Mama yake, kule Mkuyuni, alizoea kusema mtoto huyu kanyimwa ulimi kapewa macho. Lakini anayeingia sebuleni kwa watu lazima awe na njia ya kuingilia, na njia ya Stambuli ilikuwa utani. Yeye Mluguru, akikuta nyumba ya Mnyamwezi, mtani wake wa kabila tangu enzi za mababu, mlango ulifunguka kabla hajaugusa. Walitukanana wakacheka, kisha akaonyeshwa waya wote, hata ule uliofichwa chini ya zulia.

Mwaka jana kampuni ikauzwa kwa watu wa Dar es Salaam, nao wakaja na kadi ya viwango vya huduma. Bisha hodi mara tatu, usipojibiwa ondoka. Onyesha kitambulisho. Usiingie kama ndani yuko mtoto peke yake. Usile, usinywe. Usiguse televisheni bila ruhusa. Stambuli aliikariri kadi yote, na kwa kweli aliipenda, maana aliwahi kuwaona wakaguzi wenzake wakisukuma milango ya wajane. Baada ya kila ziara mteja alipigiwa simu kutoka Dar atoe alama, sifuri mpaka kumi. Mikataba yote ilikuwa inaisha mwisho wa Juni, na mwenye lalamiko zito asingeongezewa.

Katikati ya Mei akafika kwa Mwanvita, mjane wa Kinyamwezi aliyestaafu kiwanda cha tumbaku.

"Hodi."

"Nani?"

"Stambuli, mkaguzi. Kitambulisho changu hiki hapa."

"Mwizi tangu lini akaonyesha kitambulisho?" Mwanvita alijibu kutoka jikoni. "Ingia, Mluguru. Ila jifunike uso, kuku wangu wanaatamia, wasije wakakuona mayai yakaharibika."

"Kuku umewatoa wapi? Nyie mji huu si mliingia na misafara, mizigo ya watu vichwani? Au hao kuku walikuwa mzigo wa mtu?"

"Na nyie mliteremka mlimani kuja kuushangaa mkate!"

Stambuli alikagua waya. Ulikuwa umenyooka, kibali kipo. Wakati wa kutoka akaitazama televisheni mpya, zawadi ya mwanawe wa Tabora, pana kama mlango.

"Yote hii ya bibi mmoja! Utakufa lini niichukue?"

"Ichukue uone. Nitakutokea humo humo, katikati ya taarifa ya habari!"

Akaondoka anatabasamu. Siku mbili baadaye akaitwa ofisini.

Mkuu wa tawi alikuwa Jinal, binti wa muuza duka aliyeianzisha kampuni hiyo kabla haijauzwa. Stambuli alimjua tangu anavaa sare za shule ya msingi.

"Mjomba, kaa," Jinal alisema, akamsogezea karatasi. Iliandikwa: *Mteja ametoa alama sifuri. Anaeleza kuwa mtumishi ni mwizi, alimtukana kwa kabila lake, na alimuuliza atakufa lini ili achukue televisheni yake. Tishio kwa maisha ya mteja.*

Stambuli aliisoma mara mbili. "Lakini huyu ni mtani wangu."

"Najua. Nimekulia hapa, mjomba. Nimemwona Mluguru akilala ndani ya kaburi la Mnyamwezi, akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Lakini kwenye fomu hakuna pa kuandika hayo."

"Niende nikamwambie awapigie simu."

"Huruhusiwi. Kipengele cha tisa, mlalamikiwa asimkaribie mlalamikaji." Jinal alifikiri kidogo. "Nitamwita mimi."

Mwanvita alikuja kesho yake amevaa kitenge cha harusini, akiamini anaitiwa zawadi ya mteja wa siku nyingi. Alipoelezwa, alishika mdomo. Jinal akapiga simu Dar, akaiweka mezani wote wasikie. Stambuli alikuwa ameambiwa akae chumba cha pili, lakini ukuta ulikuwa wa mbao.

"Mwanangu," Mwanvita aliiambia simu, "yale niliyowaambia mliponipigia nilikuwa natania. Yule kijana wenu ni mtani wangu."

"Kwa hiyo hakukuuliza utakufa lini, mama?" sauti ya binti wa Dar ikauliza kwa upole.

"Aliniuliza. Mbona kila akija huniuliza!"

"Kila akija?"

"Kila akija. Ana haki ya kunitukana yule."

"Pole sana, mama. Hakuna mtumishi wetu mwenye haki ya kumtukana mteja. Kuna mtu amekutisha ili useme hivi? Hapo ulipo uko salama?"

Mwanvita akaanza kupandisha sauti, na kadiri alivyoipandisha ndivyo binti wa Dar alivyozidi kumpa pole. Nyuma ya mbao Stambuli alisikia vidole vikichapa upande wa pili wa simu, vikiandika.

Majibu yalikuja baada ya wiki. Lalamiko haliwezi kufutwa, kwa kuwa mlalamikaji aliitwa ofisini na huenda alishawishiwa. Tabia imethibitishwa na mteja mwenyewe kuwa ni ya muda mrefu. Jinal naye akapewa onyo.

Mwezi Julai Stambuli alikuwa nyumbani kwake, mtaa wa Chamwino hapo hapo mjini, mkataba wake haukuongezwa. Alikuwa amepeleka maombi kampuni mbili, moja ya maji, nyingine ya ving'amuzi. Zote ziliomba barua kutoka kwa mwajiri wa zamani, na barua ilisema hakuongezewa mkataba kwa sababu alimtishia mteja. Zote zikanyamaza. Mkewe, Zuhura, alikuwa ameacha kumuuliza habari za kazi.

Jumapili moja Mwanvita akaja na unga wa mtama. Stambuli alimwona anasita pale kizingitini, kakonda, hajui aanzie wapi. Akamhurumia, akatafuta la kumfungulia njia.

"Umekuja kuona kama nimekufa, ubebe kitanda? Si kazi yenu kubeba?"

Akangoja. Mwanvita aliweka unga chini, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, mwanamke wa miaka sabini.

"Nisamehe, baba yangu," alisema. "Nimekuua."

"Inuka, bibi. Inuka, sema neno. Nitukane basi."

Mwanvita alitikisa kichwa. Zuhura akatoka ndani, akamshika mkono, akamkalisha kwenye kiti. Walikaa watatu, wakaulizana habari za mvua, kisha mgeni akaaga kwa adabu.