Barua ya Minza

Mwanangu, siku ile naikumbuka mpaka sketi niliyovaa. Nilitoka kwetu Kimali asubuhi kwenda Bariadi kupeleka barua ya kuomba kazi. Kiwanda kimoja cha kuchambua pamba kilikuwa kinatafuta karani wa stoo, nafasi moja tu, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kupokea barua.

Mkobani nilikuwa na barua mbili. Moja yangu, nyingine ya Minza, rafiki yangu niliyesoma naye ukarani dawati moja. Mama yake alikuwa mgonjwa, hakuweza kumwacha, akanipa bahasha yake na kusema, "Kabula, nifikishie." Hakuongeza neno.

Dada wa mapokezi alipokea yangu, akaigonga muhuri, akauliza bila hata kuinua macho, "Kuna nyingine?"

Nilikuwa nimeshaishika ile ya Minza ndani ya mkoba. Nikakumbuka jinsi alivyokuwa akinipita kila mtihani.

Nikasema, "Hakuna."

Sikuwa nimepanga, nakuapia. Njia nzima nilikuwa na nia ya kuifikisha. Lakini nilipokwisha kusema nikaona aibu kurudi pale dirishani, nikapanda basi. Nyumbani nikaificha bahasha kwenye sanduku la nguo, chini ya vitenge.

Baada ya wiki mbili nikapigiwa simu: njoo kwenye usaili Jumatatu. Minza ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipongeza. "Mimi labda watanipigia kesho," alisema, na simu yake hakuiweka chini hata alipokuwa anakoroga uji wa mama yake. Kisha akakaa nami mchana kutwa ananifundisha kujibu. Anajifanya meneja, anakunja uso, anauliza, "Mzigo ukipungua stoo, utafanyaje?" Nikikosea ananirekebisha, na kila alichonirekebisha kilikuwa sahihi. Jasho lilinitoka. Yeye akadhani naogopa usaili.

Ijumaa mama alikuwa anatafuta kitenge cha kwendea msibani, akaikuta bahasha. Akampelekea baba. Baba alikuwa zizini anafunga fito za lango, akaniita.

"Hii barua ya nani?"

"Ya Minza."

"Inafanya nini kwetu?"

Baba akaendelea kufunga fito, moja, ya pili, mimi nimesimama tu. Hatimaye akasema, "Ungeshindwa huko Bariadi, ningekupokea hapa kama mtoto wangu. Ukishinda hivi, nitakupokea kama nani?"

Nilitamani anichape. Hakunichapa. Alinirudishia bahasha, akasema, "Mwenyewe yupo."

Nilimkuta Minza anapepeta mpunga. Mama yake alinisalimia kwa Kisukuma kutoka mkekani, "Mwadila, mayu," kwa upole uleule wa siku zote, nikaitikia na kumkabidhi Minza bahasha. Akaigeuzageuza akitafuta muhuri. Nikamweleza yote.

"Ungesema uliisahau kwenye basi," alisema, "ningekuamini."

Jumatatu tulipanda basi moja, viti mbalimbali. Nilimweleza meneja nilivyoificha barua ya Minza; alinisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mwenzangu. "Pole, binti. Muda umepita, na siwezi kukufungulia wewe peke yako." Mimi akaniambia, "Na wewe, nilikuwa natafuta mtu wa kumwachia funguo za stoo. Nenda nyumbani." Tukarudi Kimali wote wawili bila kazi.

Mwaka uliofuata Minza alipata kazi Kalemela, kwenye ghala la mpunga. Barua aliipeleka mwenyewe. Mimi nilihangaika miaka mitatu kabla ya kuajiriwa. Tunasalimiana vizuri, na baba alipofariki alikuja kunipa pole. Ila tangu siku ile hajanituma kitu chochote, hata salamu kwa mtu.

Sasa sikiliza. Jua mapema kazi unayoitaka na ujiandae nayo. Soma tangazo mpaka mwisho. Barua yako iandike mwenyewe, na usijisifu kwa usichokiweza. Ukiona mwenzako anakuzidi, kaa naye akufundishe, maana anayekuzidi leo anaweza kukuandaa kuliko mwalimu yeyote. Ukikosa kazi, utaomba nyingine. Kwa Minza mimi nimeomba kuaminiwa tena mpaka nimezeeka.

Nakuambia haya kwa sababu jana nilikusikia ukimwambia mtoto wa shangazi yako kwamba zile nafasi mlizokuwa mnazitafuta zimeshafungwa. Hazijafungwa, mwanangu. Mwisho wa kutuma maombi ni kesho saa kumi jioni. Mpigie sasa hivi, mimi nakaa hapa hapa mpaka umalize.

Mungu akupe kazi nzuri, akupe na watu watakaofurahi kweli siku utakapoipata.