Bwana Shauri na Nyanya za Mama Kioko

Enzi zetu, jirani akikuudhi ulimfuata kwake, ukakaribishwa, ukakaa, ukanywa kahawa, ndipo ukamwambia lililokuleta. Vijana wa leo watasema huko ni kupoteza wakati. Wao huo wakati wanauweka wapi sijui, maana kila nikiwaomba kidogo hawana.

Naisema Waa, kijiji chetu cha pwani, ya mara tu baada ya uhuru. Asubuhi shule, alasiri chuoni kwa mwalimu wa Kurani, jioni michezo ya mdako na kibemasa mpaka tuburutwe kwenda kuoga, huku jikoni mbaazi za nazi zikinukia hadi uani. Tuliishi kwa Bibi, mama yake baba, aliyekuwa na paka dume mweusi mwenye kifua cheupe. Alimwita Bwana Shauri, kama walivyoitwa wale wazungu wa serikali waliokuja kuamua kesi zetu. Alisema wote wawili huingia nyumba za watu bila hodi. Tangu babu afariki, paka huyo ndiye aliyelala miguuni pa Bibi, na bila yeye Bibi hapati usingizi.

Wakahamia jirani watu kutoka Ukambani. Mume alikuwa mwalimu. Mkewe, Mama Kioko, alikuwa mchapakazi hasa. Hatujajua hata majina ya watoto wake, ameshapiga matuta ya nyanya nyuma ya nyumba. Udongo laini, umechambuliwa, umetiwa maji. Bwana Shauri akauona, akadhani ametengenezewa choo.

Asubuhi moja Mama Kioko akatokea mlangoni petu amebeba ushahidi juu ya jembe. Hakubisha hodi, hakuamkia. Alisema paka yetu imekunya kwa nyanya zake. Bibi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Mama Kioko akasema tena kwa sauti kubwa zaidi, Bibi akaendelea na mchele wake. Alipoondoka ndipo Bibi akatuuliza, "Huyu kaniletea mavi, salamu kaziacha kwao?"

Ikawa kila asubuhi jembe laja, na kila asubuhi Bibi haoni mtu. Mwisho Mama Kioko akasema pale pale uani kwamba atatia dawa ya panya kwenye kichwa cha samaki, na paka akifa asilaumiwe. Usiku huo tukamfunga Bwana Shauri kamba kwenye mguu wa kitanda cha Bibi, akalia mpaka nyumba nzima ikakesha. Bibi naye nilimwona akijifuta macho kwa upindo wa leso.

Aliyeokoa jahazi ni mama yangu. Alimkuta Mama Kioko kisimani, akamsaidia kujitwika ndoo, kisha akamwambia taratibu, "Mwenzangu, kwetu asiyebisha hodi hajafika. Hayo yote uliyosema, mama mkwe hajayasikia."

Ijumaa alasiri tukasikia hodi. Mama Kioko alisimama nje mpaka akaitikiwa. Hakuwa na jembe. Akapiga goti kidogo, akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa mkeka. Bibi akamuuliza habari za mumewe, za watoto mmoja mmoja, za mama yake aliyebaki Ukambani. Kumbe mama huyo alikuwa mgonjwa, na huku hakuna aliyewahi kumuuliza. Mama Kioko akalia. Bibi akamsogezea kahawa ya tangawizi na mkate wa kumimina, wakakaa hadi adhana ya magharibi, na habari ya paka haikutajwa.

Alipoinuka kuaga, Bibi ndiye aliyeuliza, "Na yule paka wangu, bado anakuudhi?"

"Kidogo tu, Bibi," akajibu, macho chini.

Kidogo! Tuta zima lilikuwa limechafuka. Kesho yake Bibi akaenda mwenyewe na jembe, akasafisha, akatandaza matawi ya miba juu ya miche, nasi tukabeba mchanga kumtengenezea Bwana Shauri mahali pake kwenye pembe ya ua wetu. Alipatumia siku alizotaka. Siku nyingine alirudi kwenye nyanya, na Mama Kioko akaita uani huku anacheka, Bibi akaenda na jembe lake.

Bibi alipofariki, paka alihamia kwa Mama Kioko bila kuambiwa. Akalala miguuni pake, na mchana akamchafulia matuta kama kawaida. Mama Kioko alifukia mwenyewe, hakumwambia mtu.

Siku hizi nakaa Ukunda, nami nina paka. Wiki iliyopita simu ililia: jirani kaleta picha ya kinyesi kwenye maua yake, na maneno kwamba mwenye paka amfunge. Nikaandika samahani, nikauliza nije saa ngapi nisafishe. Nikajibiwa kwa picha ya kidole gumba. Nikaenda, nikagonga geti, mlinzi akasema madamu hapokei wageni. Tumepakana ukuta mwaka wa nne huu, na mama yake kama yu hai au mgonjwa, mimi sijui.