Hina ya Shangazi na Mdomo Wangu

Jana niliandika hapa kwamba msanii wa kweli haogopi kukosolewa. Maneno yale nayafuta.

Leo asubuhi nimempaka shangazi yangu hina mkono wa kushoto, nijaribu pambo la bibi harusi wa Jumamosi. Nikamwomba aniambie ukweli.

"Mwanangu, kiganjani umejaza maua mno. Mkono haupumui."

Nikamweleza nusu saa nzima kwamba huo ndio mtindo wa sasa. Hina nayo, kwa ubaya wake, ikakolea vizuri.

Alasiri tukaenda kwa jirani hapa Kibokoni. Wanawake tuliowakuta wakamshika shangazi mkono, wakaugeuza.

"Nani kakupaka hivi?"

Nikainamia kikombe changu cha chai.

"Nimejipaka mwenyewe," akasema shangazi.

Wakacheka, kila mmoja akatoa kasoro yake. Nami, kwa raha ya kusalimika, nikajisikia nasema: "Kweli shangazi, hapo kiganjani pamejaa mno."

Akanitazama kwa upole.

"Ahsante, mwanangu. Mtu akiambiwa asikie."

Picha ya mkono siiweki. Maoni yenu nishayajua.