Mashine Iliyosimama Kila Alasiri

Nimechoka kujitetea, basi niseme. Mashine yangu ya kuchonga mbao kwa kompyuta, niliyoiunda mwenyewe hapa Nachingwea, ilikuwa inachonga mlango wa msikiti wetu. Kila alasiri nikirudi kutoka kuadhini naikuta imesimama, ubao umeharibika. Nikamlaumu jirani yangu Chilumba, fundi wa kuchomelea, kwamba umeme wake unaivuruga. Maskini akazima mashine yake, akaacha geti la mteja ili tupime.

"Nenda kaadhini, mzee. Mimi nitaiangalia."

Alhamdulillahi kwa jirani mvumilivu. Nikaingia msikitini, ng'ambo ya ukuta tu, nikawasha kipaza sauti ambacho waya wake niliufunga mwenyewe, ukipita kando ya nyaya za mashine.

"Imesimama!" Chilumba akapaza sauti dirishani. "Mzee, mchawi wa mashine ni wewe!"

Waumini wakanigeukia.