Mbwa Aliyeogopa Kusalimiwa

Nakumbuka asubuhi ile Mama Bukuru alipoingia uani kwetu Kasingirima kununua dagaa, akatoka na kitenge kimechanika na damu mguuni. Naisimulia kwako, mwanangu, kwa sababu nimesikia huyo mbwa wako anawafukuza bodaboda, nawe unajisifu kwamba ni mkali. Si mkali huyo. Ana hofu.

Wetu aliitwa Karabai, kwa baka jeupe usoni. Tulimwokota mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, akiwa mdogo. Unajua wanaoanika dagaa mchangani hawana mchezo na mbwa: akisogea tu, mtu anainama, anaokota jiwe, anamvurumishia. Kwetu sisi watoto wa nyumbani alikuwa mpole, analala miguuni pangu nikipanga dagaa kichanjani. Mgeni akitokea, anageuka mbwa mwingine kabisa.

Mama Bukuru alikuwa Muha wa Kasulu, mwanamke wa adabu zake. Hakusalimu akiwa amesimama. Aliinama, akapiga makofi taratibu, akaamkia kwa Kiha, "Mwakeye." Hajamaliza, Karabai ameshafika. Tulimwosha kidonda kwa sabuni na maji mengi, akapelekwa hospitali kuchomwa sindano, ingawa mbwa alikuwa amechanjwa. Jioni mwenyekiti wa mtaa alikuja mwenyewe na kusema akiuma tena, atauawa. Nililia sana, na sioni haya kukwambia.

Kaka yangu Paulo akaamua kumfunza heshima. Akamfunga karibu na mlango, na kila alipombwekea mgeni akamchapa fimbo. Mbwa akazidi. Sasa alianza kunguruma mtu akiwa bado mbali.

Aliyemkomesha Paulo ni Mzee Sadiki, jirani yetu, ambaye tulidhani ndiye angefurahi mbwa akifa. Alikuwa akipita hapo na kanzu yake kwenda msikitini, na kuguswa na mate ya mbwa kungemrudisha nyumbani kujitahirisha. Lakini ujanani alilinda mashamba akiwa na mbwa huko Kagunga. Siku hiyo alisimama mbali, akaita kwa hasira:

"Wewe Paulo! Mgeni akija, huyo anakula fimbo. Mgeni akiondoka, fimbo inakwisha. Ungekuwa wewe, ungempenda mgeni?"

Paulo akashusha fimbo. Mimi nikasema, "Shikamoo Mzee. Sasa tufanyeje?"

"Marahaba, binti. Kwanza mtoeni hapo mlangoni. Halafu niambie, anawarukia watu wote sawasawa?"

Nikafikiri. Vijana wanaopita na simu zao, hata hodi hawapigi, aliwabwekea tu. Aliotaka kuwauma ni wale wenye adabu, wanaoinama. Nikaona aibu kwa kuchelewa kuelewa. Maskini, kila aliyetusalimu kwa heshima, Karabai alimwona anaokota jiwe.

Basi tukamhamishia nyuma ya nyumba, tukamwekea uzio wa mabanzi na pahali pa kujificha. Mgeni alipoonekana kule njiani, mbali, mbwa kamwona ila hajakasirika, nilimpa dagaa. Mgeni akipita, dagaa zinakwisha. Akikaza mwili, au akikataa kula, nilijua tumekaribia mno, namrudisha nyuma bila kelele. Wageni niliwaomba wasimkodolee macho wala wasimnyooshee mkono. Mama alilalamika kwamba mtaji wake unaliwa na mbwa, lakini hakunizuia. Siku nyingine tulipiga hatua, siku nyingine mtoto anapita na tairi, tunaanza upya.

Mwishowe nikaanza kuinama mimi mwenyewe mbele yake, polepole, huku nikimpa dagaa, kisha nikamwomba Mzee Sadiki ainame kule njiani. Aliinama, na kanzu yake, huku akicheka.

Mama Bukuru alirudi masika yalipokwisha. Tulimsihi asalimu amesimama. "Nimsalimu mama mwenzangu nimesimama wima kama nguzo?" akauliza, kakasirika kweli. Karabai nilikuwa nimemshika kwa kamba, nyuma ya uzio. Mama Bukuru akamwona mama yangu, mazoea yakamshinda, akainama, akapiga makofi. Mbwa alitetemeka, akanguruma kidogo, kisha akageuza kichwa akanitazama mimi usoni, anangoja dagaa zake. Nilimpa kiganja kizima. Mwenyekiti hakuja tena kwa habari yake.

Hakuwa rafiki wa kila mtu, nisikudanganye. Mpaka anazeeka, mgeni alipofika tulimpeleka mbwa nyuma kwanza, na hakuna mgeni aliyeruhusiwa kumpapasa. Lakini aliishi, na watu waliingia kwetu kwa amani.

Kwa hiyo, mwanangu, weka fimbo chini. Chunguza ni kitu gani hasa kinachomtisha. Mpe pahali pa kukimbilia, na mwoneshe kitu hicho kikiwa mbali, kije pamoja na kitu anachokipenda. Usimlazimishe kusalimiana na mtu. Mfunge kule nyuma watu wanapopita, mpeleke kwa daktari wa mifugo akachanjwe, na usione haya kumwambia mgeni asubiri nje. Akinguruma usimpige, maana anakuomba msaada, na ukimnyamazisha atauma bila kukwambia.

Mungu akupe subira ndani ya nyumba yako. Wageni wako wafike wazima, waondoke wazima, na huyo mnyama azeekee mikononi mwako.