Kaseti ya Shabani wa Tongoni

Anayetaka kucheka na acheke sasa amalize, kisha anisikilize. Haya sikuhadithiwa. Yalinikuta mwenyewe, mchana kweupe, kibandani kwangu Nguvumali ninapohamisha nyimbo za kaseti kwenda kwenye flashi.

Dada Mwanaidi alitoka Tongoni na kaseti moja. Baba yake, Shabani, alipiga gitaa la soul na fanki enzi za suruali za bugaluu. Watu walitaka dansi na taarabu, wakamwacha na gitaa lake. Alifariki Mwanaidi yumo tumboni. Kaseti zake zikabaki kwa shangazi mtu, na shangazi, Mungu amsamehe, akarekodi nyimbo za harusi juu yake, moja baada ya nyingine. Hii ilipona kwa sababu vile vidude vya nyuma vilikuwa vimevunjwa, na ukivivunja deki haikubali kurekodi tena.

"Sijawahi kuisikia sauti ya baba," aliniambia. "Hata akikohoa tu, kaka, nitafutie."

Alipokwenda sokoni nikaisikiliza yote, pande zote mbili. Gitaa tupu! Na gitaa gani, jamani! Lilicheka, likagomba, likabembeleza, nikabaki najiuliza Tanga nzima tulikuwa wapi. Lakini neno la mtu, hata moja, hamna. Nilimwonea huruma dada wa watu. Nikairudisha mwanzo, nikaanza kuihamisha.

Ndipo akaingia mzee mmoja mwenye shati la kola ndefu, akaketi kwenye benchi bila hodi.

"Shikamoo mzee," nikasema.

Kimya. Sasa niambie, mzee gani haitikii shikamoo? Niliudhika, nisikufiche. Yeye alikuwa akisikiliza tu, vidole vya mkono wa kushoto vikitembea juu ya paja, sawasawa na gitaa linavyokwenda.

Mara Mwanaidi akarudi. Akainama kidogo, kama tulivyolelewa. "Shikamoo baba."

Kimya tena. Mzee akamtazama, akamtazama, mpaka machozi yakamlengalenga. Kisha akainuka, akatoka.

"Nimemkosea nini?" Mwanaidi akauliza.

Nikachungulia nje nimwite. Mama Rehema, anayekaanga bagia papo hapo mlangoni, akanishangaa. "Mzee yupi? Hapa kapita dada huyo tu."

Nyuma yangu wimbo ukaisha. Kaseti ikakwaruza kidogo, halafu spika ikasema: "Shikamoo mzee."

Sauti yangu! Kaseti imenizidi umri, na sauti ni yangu! Ikafuata ya Mwanaidi: "Shikamoo baba."

Kisha mtu akakohoa.

"Marahaba, mwanangu. Umekua."

Gitaa likaendelea. Mwanaidi alipiga ukelele mmoja, akaanguka kwenye benchi, palepale alipokuwa ameketi yule mzee, akalia hadi majirani wakajaa.

Tuliirudisha, ikasema vilevile. Mama Rehema naye kaisikia, na tangu siku hiyo kahamishia bagia zake ng'ambo ya barabara. Mimi bado nafanya kazi ileile, ila sikai kibandani peke yangu, na Mwanaidi halali bila kuiweka ile kaseti na kuitikiwa.

Kwa hiyo ukimwamkia mzee asikujibu, usinune. Na kaseti ya marehemu, nakusihi, usirekodi harusi juu yake. Hujui ni nani hajamaliza kuitikia.