Zote Hazijaota

Mwanangu, jana uliporudi kutoka kikaoni ukasema, "Watu wote hawajakubali," mimi nilikusikia vizuri. Ila nilikumbuka siku moja kule kijijini kwetu Majimoto, miaka ya tisini, na aibu yake ikanirudia kama ya asubuhi hii.

Nilikuwa kidato cha tatu, nipo nyumbani likizo. Mbegu ya mpunga ilikuwa imetuishia, na Mzee Masanja, jirani yetu Msukuma, akatugawia ya kwake. Tukaimwaga kitaluni. Siku zake zilipotimia baba akanituma: "Kaangalie kama zote zimeota." Nami nilikuwa nimevaa viatu vyangu vipya vya shule, matope siyataki. Nikasimama juu ya tuta, nikaona pembe moja ya kitalu ni tupu, nikageuza kurudi nyumbani.

"Zote hazijaota," nikamwambia baba.

Nilimaanisha si zote. Baba akaelewa hakuna hata moja. Kiswahili chetu hiki kinabeba yote mawili, mwanangu, na mzungumzaji asipojali anaumiza watu.

Baba hakuwa mtu wa kungoja. Jioni ileile, giza likiingia, akafunga maksai kwenye plau, akakigeuza kitalu chote, kisha kesho yake akaenda sokoni kulalamika kwamba Masanja kampa mbegu mfu. Habari ikamfikia mwenyewe, akaja. Akainama kitaluni, akavunja bonge la udongo, akatoa mche mbichi wenye mizizi myeupe. Akavunja jingine, akatoa mwingine. Akampa baba mkononi.

Baba akanigeukia. Nikaanza kujitetea kwamba kwenye hesabu tumefundishwa, kukanusha "zote" inatosha moja tu ambayo haijaota.

"Basi hiyo hesabu yako kaipande," akasema.

Masanja hakucheka. "Mbegu nyingine ipo, nitawapa," alisema. "Ila jina langu mmeshalimwaga sokoni. Mtalizoaje nyie?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Na swali hilohilo la kukanusha, mwalimu alikuwa amenipigia vema! Mpaka namaliza shule nilikuwa nazunguka njia ya nyuma nisipite kwa Masanja, na mpaka anafariki sikumwomba radhi kwa kinywa changu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya kitalu.

Wazee walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Ukitaka kukana "wote", sema "si wote", na mmoja anakutosha. Ukitaka kusema "hakuna hata mmoja", vua viatu, ingia matopeni, ufike mpaka pembe ya mwisho. Sasa rudi kwa wenzio, ukaulize kama kweli hakuna aliyekubali. Nenda leo, usingoje kama mimi.

Mungu akupe ulimi unaosubiri macho, mwanangu, wala asiwepo hata mmoja atakayelilia jina lake kwa sababu yako.